Mgonjwa wa Ngozi Anaporudi

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi wa kudumu, usioambukiza, ambamo kinga ya mwili huichochea ngozi ijizalishe kwa kasi isiyo ya kawaida. Seli ya ngozi ya mtu mzima wa afya huchukua takriban mwezi mmoja kukua kutoka chini hadi kupukutika juu. Kwenye soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache. Seli hufika juu zikiwa bado changa, hurundikana, na mrundikano huo huwa bamba lililoinuka, lenye mpaka ulio wazi, lililofunikwa na magamba meupe yanayong'aa kama fedha. Viwiko, magoti, kichwani chini ya nywele na kiunoni kwa nyuma ndiko linakopenda kukaa. Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutambua kuwa ugonjwa sugu unaouma, unaoharibu sura na kulemaza, na ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2016 iliwakadiria wenye ugonjwa huo kuwa watu milioni 100 au zaidi.

Ndani ya ripoti hiyo Tanzania imekaa mkiani kabisa mwa orodha, kwa asilimia 0.09, yaani chini ya mtu mmoja katika kila elfu, namba iliyotokana na utafiti wa vijijini wa miaka ya 1990. Namba hiyo haina budi kusomwa kwa tahadhari. Katika zahanati za mteremko wa Mlima Meru, mkoani Arusha, mgonjwa huandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, na humo soriasisi haina mstari wake. Tabibu akiutambua, unaingia kwenye fungu la magonjwa ya ngozi yasiyoambukiza pamoja na mengine chungu nzima. Asipoutambua, unahesabiwa kuwa fangasi. Ugonjwa usioandikwa kwa jina lake huonekana adimu hata pale unapokaa kwenye benchi ukisubiri zamu.

Mkanganyiko huanzia kwenye rangi. Vitabu vingi vilivyowafundisha matabibu wa Afrika Mashariki viliandikwa kwa macho yaliyozoea ngozi nyeupe, na ndani yake soriasisi ni waridi au nyekundu. Kwa Mmeru, Mwarusha au Mchaga bamba hilo huwa la zambarau iliyokolea, la kahawia, au la kijivu kama jivu la asubuhi. Wekundu ambao mwanafunzi ameukariri haupo, hivyo anaupita ugonjwa huku ameushika. Tena dawa inapofanya kazi bamba hushuka na kuacha doa jeusi au jeupe linalodumu miezi mingi. Mgonjwa huliona doa hilo akaamini hajapona, na tabibu asiyejua humwongezea dawa ya ugonjwa ambao haupo tena. Dawa ya kosa hilo ni kidole: bamba lililo hai limeinuka na ni gumu, doa ni laini na limelala sawa na ngozi nyingine.

Majina nayo huchanganya. Mtaani Ngarenaro au sokoni Tengeru mtu mwenye soriasisi atasema ana pumu ya ngozi, ambalo ni jina la ugonjwa mwingine. Au mba, au fangasi sugu, au aleji. Wapo wanaolaumu maji. Lawama hiyo ina chanzo chake, maana maji ya volkano ya Meru yana floridi nyingi na meno ya kahawia ya watu waliokulia Arusha ni ushahidi unaotembea. Lakini floridi inahusika na meno na mifupa. Magamba ya kiwikoni hayatoki kwenye bomba.

Afisa tabibu ambaye kumbukumbu zinazofuata ni zake alianza kazi katika zahanati moja upande wa kusini wa mlima, kwenye migomba na kahawa, akiwa na cheti kipya na somo la ngozi la wiki chache chuoni. Mgonjwa aliyemfundisha zaidi ya somo hilo alikuwa mama wa makamo, mkulima, aliyefika na kilemba kilichofungwa hadi kwenye nyusi. Chini yake mabamba yalikuwa yameshuka kutoka kwenye nywele hadi usawa wa paji la uso. Alipewa marhamu ya Whitfield, dawa ya fangasi inayojulikana katika kila zahanati nchini. Baada ya wiki tatu alirudi na nafuu, tabibu akaridhika kuwa ugonjwa ulikuwa fangasi kweli. Akampa nyingine. Ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima, nafuu na kurudi, nafuu na kurudi, mpaka mama akasema, bila hasira, akifunga kilemba chake: "Mwanangu daktari, dawa yako inakata majani, mzizi inauacha."

Maneno yake yalikuwa sahihi kuliko alivyojua. Marhamu ya Whitfield ina asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, na asidi ya salisiliki hulegeza magamba ya ugonjwa wowote ule. Ikipakwa kwenye soriasisi huondoa utando wa juu, ngozi ikaonekana safi, na uvimbe wa chini ukabaki palepale. Nafuu ya muda ikawa imethibitisha uongo. Mtego huo ni mgumu kuukwepa kwa sababu soriasisi yenyewe hupanda na kushuka bila kuambiwa, na dawa yoyote inayotolewa wakati inaposhuka hupata sifa. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika kijiji cha Samunge huko Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, miongoni mwa waliopanda magari kutoka Arusha walikuwamo wagonjwa wa ngozi. Wengine walirudi wakisema wamepona, na kwa wiki kadhaa ngozi zao ziliwaunga mkono. Baraka au bahati, kwa tabibu somo lilikuwa moja: ugonjwa huu haupimwi kwa ziara moja.

Kilomita 80 mashariki ya Arusha, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi, kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake RDTC. Kilianzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Wakfu wa Kimataifa wa Magonjwa ya Ngozi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa daktari Mjerumani, Henning Grossmann. Wazo lililokizaa lilikuwa la kiungwana na la hesabu kali kwa pamoja: madaktari bingwa wa ngozi barani ni wachache mno, kwa hiyo wafundishwe maafisa tabibu, madaktari wasaidizi na wauguzi, ambao wanarudi wilayani na wanabaki huko. Kozi ya miaka miwili hutoa stashahada ya juu ya magonjwa ya ngozi na zinaa, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Kila Januari kituo huwaita wahitimu na wenzao kwenye mafunzo endelevu ya mwaka, ambako wagonjwa halisi huletwa na hoja hujengwa juu ya ngozi iliyo mbele ya macho.

Si kila tabibu wa Meru au Arumeru anaweza kukaa Moshi miaka miwili. Wengi hupata mafunzo kazini, na mafunzo hayo yana sura inayojulikana: ukumbi, projekta, chai ya saa nne, posho, cheti, na pointi za kuhuishia leseni. Semina ya namna hiyo inafaa kwa mwongozo mpya wa malaria, ambao una hatua za kufuata na jibu la kipimo. Kwa soriasisi inaacha pengo kubwa. Mshiriki huondoka akiwa ameona picha thelathini nzuri bila kugusa bamba hata moja, na wiki inayofuata anampa mgonjwa marhamu ileile. Mafunzo yaliyobadilisha kazi kwenye zahanati iliyotajwa hayakuwa na ukumbi. Mhitimu wa Moshi alipita mara moja kwa mwezi, akakaa na matabibu wawili dirishani, na wagonjwa wa ngozi wakapangwa siku hiyo.

Dirishani, kwa sababu taa ya umeme hudanganya rangi. Mgonjwa huvuliwa kilemba, soksi, shuka, kila kinachofunika, maana mtu aliyekuja na kiwiko anaweza kuwa na kitovu, makalio na nyayo ambazo hajazitaja kwa haya. Kisha huchukuliwa kioo cha maabara, kile cha kupakia damu, na ukingo wake hupitishwa taratibu juu ya bamba. Magamba makavu hugeuka meupe zaidi na kutoka kwa tabaka kama nta ya mshumaa inayokwanguliwa mezani. Ukiendelea, hutokea utando mwembamba, wenye unyevu, unaong'aa. Ukiutoa huo, vitone vya damu vidogo kama ncha ya sindano hujitokeza kimoja kimoja. Fangasi haifanyi hivyo. Mwanafunzi aliyekwangua mara moja kwa mkono wake hahitaji kuonyeshwa picha tena.

Baada ya bamba hutazamwa kucha. Vishimo vidogo vilivyotawanyika, au ukucha ulionyanyuka na kuwa na rangi ya mafuta kwa chini, huisemea soriasisi hata pale ngozi inaponyamaza. Kinachofuata ni mistari: ugonjwa huu hupenda kuota mahali palipojeruhiwa, kwenye mkwaruzo wa seng'enge, chini ya mkanda wa suruali, pale shanga zinaposugua kifundo cha mguu. Panapokuwa na shaka, pamba hupitishwa juu ya doa kupima hisia, kwa kuwa baka la ukoma hupoteza hisia na la soriasisi halipotezi. Vipele vya viganjani na nyayoni huombewa kipimo cha kaswende. Magamba yakichanganywa na hidroksidi ya potasiamu chini ya hadubini huonyesha nyuzi za fangasi kama zipo. Vipimo hivyo vyote vipo kwenye kituo cha afya cha kawaida. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuviomba.

Matibabu ya soriasisi isiyosambaa sana ni ya kupaka, na msingi wake ni bei rahisi: mafuta ya mgando, mengi, mara kwa mara, hasa baada ya kuoga. Juu yake huja asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba, lami ya makaa ya mawe panapopatikana, na steroidi ya kupaka kama betamethasoni kwa bamba lenyewe. Hapa ndipo hesabu inapowashinda wengi. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Dawa iliyokamuliwa kwa urefu wa kipingili cha mwisho cha kidole cha shahada ni karibu nusu gramu, nayo hutosha viganja viwili. Mtu mwenye mabamba ya viganja kumi anahitaji gramu mbili na nusu kwa mpako mmoja, gramu tano kwa siku akipaka asubuhi na jioni. Tyubu ya gramu 15 inamwishia siku ya tatu. Kwa miaka kadhaa wagonjwa wa zahanati ile walipewa tyubu moja na tarehe ya kurudi baada ya mwezi, na waliporudi bila nafuu kwenye kadi iliandikwa kwamba dawa haifanyi kazi. Dawa haikuwa imepakwa. Waliinyunyiza kama chumvi ili ifike mwisho wa mwezi.

Upande wa pili wa steroidi ni hatari yake, na Arusha inaijua kwa jina la mkorogo. Krimu kali zinazouzwa kwa ajili ya kujichubua ni steroidi zilezile, na mgonjwa wa soriasisi aliyezizoea huwa na ngozi nyembamba, iliyochanika mapajani na kwapani, na bamba lisilosikia tena dawa. Steroidi kali haipakwi usoni wala kwenye mikunjo, na haiachwi ghafla ikiwa imetumika kwa muda mrefu.

Vidonge na sindano za steroidi ni jambo la kukataza kabisa kama tiba ya soriasisi. Dereva mmoja wa magari ya utalii alichomwa sindano kadhaa mahali fulani mjini, na kwa wiki mbili alikuwa msafi kama mtoto. Alipoziacha, mwezi Julai wakati ukungu wa Meru haupandi hadi adhuhuri, ngozi yake yote ilichachamaa. Aliletwa amejifunika makoti mawili akitetemeka, na sakafu chini ya kiti ikajaa magamba. Wekundu haukuonekana wazi kwenye weusi wake. Ulisikika kwa mgongo wa mkono, kwa joto lililotoka kwenye kila inchi ya ngozi. Mgonjwa wa hali hiyo hupoteza maji, protini na joto la mwili kupitia ngozi, moyo unafanya kazi mara mbili, na vijidudu vinaingia popote. Huyo halali nyumbani. Hupakwa mafuta, hufunikwa, hupewa maji, na hupelekwa hospitali ya rufaa siku hiyohiyo.

Kwa soriasisi iliyoenea, dawa ambayo hospitali nyingi za kanda zinaweza kuipata ni methotreksati. Hakuna kidonge kinachodai nidhamu kama hicho. Humezwa siku moja kwa wiki. Kumeza kila siku kunaua, kwa kuua uboho na kuchubua mdomo na utumbo, na kosa hilo hutokea kwa urahisi kwa sababu vidonge karibu vyote ambavyo mgonjwa amewahi kupewa ni vya kila siku. Desturi iliyokuja kufuatwa ni kuandika jina la siku, si neno "kwa wiki", kwenye bahasha ya dawa: Jumatano. Mgonjwa huambiwa aitaje siku hiyo mwenyewe kabla hajaondoka, na asidi ya foliki hupangiwa siku nyingine. Kabla ya kuanza hupimwa ini, figo na picha kamili ya damu, na huendelea kupimwa. Mjamzito hapewi, anayenyonyesha hapewi, wala mwanamke asiye na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango. Mnywaji wa mbege wa kila jioni huambiwa achague, na kuambiwa huko kunataka heshima, hasa tabibu akiwa umri wa mtoto wake wa mwisho. Septrini ni mtego mwingine: ikikutana na methotreksati hukandamiza uboho, na katika kliniki za wenye virusi vya UKIMWI septrini ni dawa ya kila siku.

Virusi hivyo vinastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Soriasisi inayolipuka ghafla kwa mtu mzima, au iliyokuwa tulivu ikawa kali bila sababu, huombewa kipimo cha VVU, na kwa wengi dawa za kufubaza virusi huituliza ngozi kuliko krimu yoyote. Vilevile huulizwa dawa anazotumia mgonjwa, kwani propranololi na lithiamu zinaweza kuiamsha, na huulizwa koo la mtoto, kwa kuwa soriasisi ya matone madogomadogo hufuata maambukizi ya koo baada ya wiki mbili au tatu.

Viungo ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Sehemu ya wagonjwa hupata baridi yabisi ya soriasisi, vidole vikavimba kama soseji, visigino vikauma asubuhi, na viungo visipotibiwa huharibika moja kwa moja. Mkulima wa Meru halalamiki. Husema ni jembe. Swali linalofaa ni jepesi: asubuhi unachukua muda gani kabla mikono haijakubali kukamua ng'ombe?

Jua la Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni dawa kwa wengi wakilipata kwa dakika chache na kuongeza taratibu, nje ya saa za mchana mkali. Haliwafai wenye ualbino, wala wanaotumia dawa zinazofanya ngozi iungue upesi.

Mama wa kilemba alipata utambuzi sahihi siku ya kwanza ya kliniki ya dirishani. Alilainishiwa magamba kwa mafuta ya nazi na asidi ya salisiliki usiku, akapakwa betamethasoni asubuhi, tyubu za kutosha. Aliambiwa ukweli ambao hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba ugonjwa huo hauambukizi wajukuu, kwamba utatulia na kwamba utarudi. Aliuliza utarudi lini. Tabibu hakuwa na jibu, na swali hilo ndilo lililoanzisha daftari.

Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, lililokaa kando ya kitabu cha MTUHA. Kila mgonjwa wa soriasisi alipewa ukurasa wake: idadi ya viganja vilivyoathirika, kucha, viungo, dawa na gramu zake, tarehe. Mwaka wa kwanza lilionekana kazi ya ziada. Mwaka wa pili matabibu walianza kulisoma kabla mgonjwa hajaingia, na tabibu mgeni aliyehamishiwa pale alifundishwa kwa kurasa zake kwanza, kisha kwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka wa tatu lilionyesha kitu ambacho wagonjwa walikuwa wakikisema siku zote: viganja viliongezeka kuanzia Juni, baridi na vumbi vilipoingia, na kupungua kuanzia Septemba. Kikao cha mwaka cha kukumbushana soriasisi, ambacho kilikuwa kikifanyika Oktoba kuelekea siku ya dunia ya ugonjwa huo, tarehe 29, kikahamishiwa Mei, na oda ya mafuta ya mgando na betamethasoni ikatumwa Aprili.